Dalali na Watu wa Chumba cha Mwisho

Ukimuuliza dalali wa vyumba kama mtaa una wizi, wengi hukujibu kabla hujamaliza swali. Hapa? Hapa shwari kabisa, unalala mlango wazi. Dalali wetu wa Kibiti hakuwa hivyo. Ukimuuliza yeye, alikuwa anafumba jicho moja, anatazama paa la nyumba mnayoitazama, halafu anaanza taratibu: "Nyumba hii, mwaka jana, liliibwa jiko la gesi. Ile yenye bati la bluu, baiskeli, ikaja ikapatikana Ikwiriri imeshapakwa rangi. Pale kwa fundi cherehani, kuku watatu, ila wale nadhani waliliwa na kicheche, maana manyoya niliyakuta." Na ukidhani amemaliza, anakupeleka kwenye dirisha ambalo komeo lake halishiki.

Mimi nilimsikia akisema hayo siku niliyofika, nikiwa na begi moja na barua ya kupangiwa shule. Mimi ni mtu wa Kilosa. Kibiti sikuwa na ndugu wala rafiki, na nyumbani walikuwa wamenitisha vya kutosha. Nikamwuliza, "Mzee, hapa usalama upo?" Nilichotaka ni neno moja la kunituliza. Akanipa wizi sita, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake. Nikakaa juu ya begi langu nikalia. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akasema, "Sasa mwalimu, njoo nikuonyeshe wanakopitia."

Akanionyesha. Palikuwa na pengo kwenye ua wa makuti nyuma ya choo, na bati moja la pembeni lililopigiliwa misumari miwili badala ya minne. Hakuondoka mpaka mwenye nyumba aliposhika nyundo. Nilikaa chumba kile miaka saba, na kitu pekee nilichopoteza ni ndoo moja, ambayo kusema kweli naamini niliisahau bombani.

Niseme mapema jambo ambalo mwenyewe hakulificha. Miaka yote niliyomjua, mzee huyu alikuwa anamtafuta mtu mmoja amwombe radhi. Dhambi ya mtu na Mungu wake, alikuwa akisema, Mungu anaweza kuifuta. Lakini ukimdhulumu mja, lazima umkute huyo mja mwenyewe akusamehe kwa kinywa chake, la sivyo unaingia nayo kaburini. Alikuwa na umri wa kutosha kulifikiria kaburi. Kila Jumanne na Ijumaa, magari yanayotoka upande wa Nyamisati yanapoteremsha watu wa delta, kule mto unakoingia baharini, na matenga yao, alikuwa anasimama pale stendi akiwatazama nyuso, na akiuliza.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake limefungwa vifungo mpaka kooni hata mwezi wa kumi na mbili. Alitembea na mfuko wa plastiki wenye bisibisi, misumari na kufuli mbili za kujaribia. Alikozaliwa sikuwahi kumwuliza, na yeye hakuwahi kujisimulia. Kuhusu nyumba za watu, hata hivyo, alikuwa hana breki. Alijua mlango upi wa mninga na upi wa mbao za masanduku, mbwa yupi anauma na yupi anabweka tu, taa ipi ya barabarani imekufa na tangu lini.

Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wapangaji wote, nami nikiwamo. Hakukubali uchukue chumba ulichokiona mchana tu. Lazima uje naye alfajiri, wakati wanaume wamekwenda msikitini na wanawake ndio kwanza wanawasha moto, usimame pale mlangoni dakika kumi usikilize. "Wezi wa huku," aliniambia tukiwa tumesimama kwenye umande, mimi nikipiga miayo, "wanaamka kuswali pamoja nasi, ila hawafiki msikitini." Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anasikiliza.

Wenye nyumba walimkimbia, lakini si kwa muda mrefu. Mama mmoja mwenye nyumba ya vyumba vinne alimpigia magoti asitaje runinga iliyoibwa chumba cha tatu. Dalali akakubali. Siku ya pili akaja na mpangaji, mama wa duka la dawa, nami nikiwepo kwa kuwa tulikuwa tunafahamiana. Alipoulizwa habari za usalama, dalali akafumba jicho moja, akasema, "Mwenye nyumba ameniomba nisikwambie habari ya runinga. Kwa hiyo habari ya runinga sikwambii." Mwenye nyumba aliingia ndani akajifungia. Lakini mama wa duka la dawa alikipenda chumba, akadai nondo dirishani, akawekewa, na mpaka naondoka Kibiti alikuwa bado anakaa pale. Ndivyo walivyokuwa wapangaji wake, hawahami. Wale waliodanganywa na madalali wengine walikuwa wanahama na magodoro kichwani kila baada ya miezi mitatu.

Nisimpambe kupita kiasi, maana alikuwa na vituko vyake. Mtu huyu aliyekagua makomeo ya mji mzima, mlango wake mwenyewe aliufunga kwa kamba ya manila. Nilipomwuliza, akasema ndani hana kitu ila kitanda, na kitanda hakipiti mlangoni, kilitengenezewa humo humo. Kwenye bao alikuwa mwizi. Pale kwa fundi baiskeli, ambako wazee hucheza baada ya alasiri, alikuwa anazificha kete kwenye kiganja wazi wazi, na ukimkamata anakiri palepale bila haya: "Ndiyo, nimeiba. Mbili." Anazirudisha, mchezo unaendelea, na baada ya muda anaiba tena. Wazee walimpenda hivyo hivyo. Mimi nilimstaajabia, na mpaka leo sijakutana na mtu mwingine ambaye ukweli ulikuwa unamtoka kwa urahisi kiasi kile.

Ila kulikuwa na swali moja ambalo hakulijibu. Lilikuja karibu kila mara, baada ya maswali ya kufuli na ukuta, na wenye kuliuliza walishusha sauti: "Na hawa majirani, ni watu gani? Ni watu wa wapi?" Hapo dalali alikuwa anafunga mdomo kabisa. Anakwenda mlango wa jirani, anabisha hodi, anamtoa mwenyewe nje hata kama ana povu la sabuni usoni. "Huyu hapa. Salimianeni. Mwulize." Watu wakapeana mikono kwa haya, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza alichotaka kuuliza. Nilidhani ni adabu tu ya kipwani. Mwaka wangu wa tatu ndipo aliponieleza, tumekaa kwenye benchi la mama muuza chapati, asubuhi ya Jumamosi.

Ilikuwa katika ile miaka ya hofu, ambayo Kibiti nzima inaikumbuka na haipendi kuisimulia. Watu waliuawa usiku na wauaji hawakujulikana, maduka yalifungwa jua bado linawaka, na mgeni alitazamwa mara mbili. Dalali alimpeleka mpangaji kwenye nyumba moja ya vyumba vitano, bwana mmoja wa ofisini aliyetoka bara, mtu mpole aliyeogopa. Yule bwana akauliza habari za wizi, dalali akamweleza. Akauliza habari za majirani. Dalali, kwa mazoea yake ya kusema kila anachokijua, akasema yule wa chumba cha mwisho ni mtu wa delta, huondoka saa nane usiku.

"Nikaishia hapo," aliniambia. Chai yake ilikuwa imepoa.

"Na ilikuwa kweli?"

"Kweli tupu, mwalimu. Hilo ndilo linaloniua. Ingekuwa uongo ningetubia uongo nikalala."

Mtu wa chumba cha mwisho alikuwa mnunuzi wa kamba na kaa. Alikwenda Nyamisati kuzipokea boti, na boti za delta haziji kwa saa ya ukutani, zinakuja na maji. Yakijaa usiku, zinaingia usiku, na mnunuzi asipokuwepo kamba wanakwenda kwa mwingine. Kila mtu wa huku anajua. Mtoto anayejifunza kutembea anajua. Ndiyo maana dalali hakuona haja ya kulisema, kama vile mimi nisingeona haja ya kueleza kwamba mwalimu hutoka asubuhi kwa sababu shule hufunguliwa asubuhi. Lakini aliyekuwa akisikiliza hakuwa mtu wa huku. "Yule bwana wa ofisini, bahari aliiona wiki ile ile kwa mara ya kwanza," alisema dalali. "Ningeongeza maneno mawili tu: anafuata maji. Sikuyaongeza."

Yule mpangaji alimwendea mwenye nyumba, akasema hawezi kulala nyumba moja na mtu wa namna hiyo. Mwenye nyumba alikuwa anamtaka mtu wa ofisini. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, vyombo vya chumba cha mwisho vilikuwa nje uani. Na mtaani likaenea kwamba dalali mwenyewe, yule asiyesema uongo, ndiye aliyesema. Siku hiyo alikuwa Ikwiriri. Aliporudi alikuta chumba kimefagiliwa na kufuli mpya mlangoni. Akaambiwa yule bwana wa kamba aliondoka na lori la mkaa jioni, hawakujua kaelekea wapi. Jina lake kamili dalali hakulijua. Alimjua kwa ndoo zake nyeupe za kamba.

"Delta ni kubwa, mwalimu," alisema. "Visiwa na vijito. Na miye maji nayaogopa, wallahi."

Tangu siku ile ndipo alipoanza kusema kila jambo na sababu yake, na kuhusu watu akanyamaza kabisa. Nilikuwa nimewahi kuona watu wanaojutia uongo, lakini anayejutia kweli aliyoisema nusu, miaka nenda rudi, nilikuwa sijamwona.

Aliyempata yule bwana wa kamba, kwa bahati tu, ni mimi. Mwaka wangu wa saba alihamia darasani kwangu binti wa darasa la tatu, mtoto wa Maparoni, kisiwa cha huko delta, anakaa kwa shangazi yake ili asome mjini. Baada ya kikao cha wazazi nilitoka na yule shangazi, na tulipofika njia panda akakataa kupita njia ya mkato. Nikamwuliza kuna nini.

"Nyumba ile pale," alisema akionyesha kwa kidevu, "ndiko walikomtoa kaka yangu. Siku hizo alikuwa anachukua kamba. Miye njia hiyo siipiti."

Nilimwacha amalize, kisha nikakimbia. Mwalimu mzima, na viatu vya kikao, nakimbia barabarani. Dalali alikuwa kwenye bao. Nilipomwambia, aliziachia kete zote alizokuwa ameziiba, zikadondoka, akasema, "Lini kuna boti?"

Tulikwenda Jumamosi. Nyamisati tukapanda boti ya injini iliyobeba saruji na abiria kumi na wawili. Dalali alikaa katikati kabisa, ameshika ubao kwa mikono miwili. Kabla injini haijawashwa akamwita nahodha.

"Chombo hiki kimewahi kuzama?"

"Aa, mzee! Hapa salama kabisa."

Dalali akafumba jicho moja. "Sema kweli, bwana."

Nahodha alikuna shingo. "Mara moja."

"Wapi?"

"Hapo mbele, penye mkondo."

"Kwa nini?"

"Tulizidisha mpunga."

"Haya," dalali akasema, akashusha pumzi. "Leo hakuna mpunga. Washa."

Abiria walicheka sana. Mimi nilikuwa naona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vimekaza ule ubao. Njia nzima, katikati ya mikoko, midomo yake ilikuwa inasoma dua, na hakufumbua macho mpaka tulipogusa tope la Maparoni.

Shangazi alikuwa ametuma salamu mbele, hivyo yule bwana alikuwa akitungoja. Alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, mikono ina makovu ya magando ya kaa. Alituketisha kwenye jamvi barazani, akatuletea madafu. Mkewe alikuwa pembeni anapepeta mchele kwenye ungo, akaitikia salamu zetu bila kuinua uso. Dalali hakukaa. Alisimama mbele ya yule bwana, akaeleza yote, bila kujipunguzia hata neno. Akamaliza, "Nimekuja uniwie radhi, bwana wangu. Kama hutaki, pia ni haki yako."

Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, umekuja mbali, na miye nakuheshimu. Lakini weye umekosea mtu. Siku ile miye sikuwepo. Nilikuwa Nyamisati nangoja maji. Nilirudi alasiri nikakuta mambo yamekwisha. Aliyetolewa nje ni huyu." Akamwelekeza mkewe kwa mkono. "Alikuwa na siku kumi na saba za uzazi."

Niliona aibu isiyo na mfano. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mtu aliyeondoka saa nane usiku, vyombo vyake vikatolewa kabla ya adhuhuri. Katika miaka yote niliyoisikia habari hii sikuwahi kujiuliza nani alikuwa chumbani. Na dalali, aliyejua kila komeo la Kibiti, naye hakujiuliza. Siku zote alisema yule bwana, yule bwana. Huku pwani mzazi hatoki nje mpaka arobaini ziishe, na hata adui huteremsha sauti anapopita mlango wake. Huyu alikalishwa uani juu ya godoro lililokunjwa, na kichanga, tangu asubuhi mpaka alasiri, majirani wakichungulia kwenye upenyo wa milango bila mtu kumpelekea maji. Kichanga chenyewe ndicho nilichokuwa nakifundisha kugawanya.

Dalali alimgeukia yule mama. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuna kilichotoka.

Yule mama aliuweka ungo chini. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania, na sauti yake ilikuwa ya upole.

"Baba," alisema, "ulisema nini siku ile? Niambie neno kwa neno, kama ulivyosema."

"Nilisema," dalali akaanza, akakohoa. "Nilisema: yule wa chumba cha mwisho ni mtu wa delta, huondoka saa nane usiku."

Mama akangoja. Kuku walikuwa wanaudonoa mchele, hakuwafukuza.

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mama. Wallahi, hilo tu."

Akamtazama mumewe, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mmoja wetu atamwambia lililobaki. Machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta.

"Miye miaka yote nawaza tulifanya nini," alisema. "Waliponitoa waliniambia tumesemwa, hawakuniambia tumesemwa nini. Nikadhani kubwa. Nikadhani tumeua mtu. Usiku nalala naanza kuhesabu: nani nilimjibu vibaya, nani sikumpa chumvi, mtoto alilia sana, ndoo zilinuka. Kila siku naona kosa jipya." Akamgeukia mumewe. "Kumbe hatukufanya kitu."

"Hamkufanya kitu," dalali akasema.

"Hatukufanya kitu," akarudia, safari hii taratibu, kwa ajili yake mwenyewe.

Dalali alikuwa bado amesimama juani, mikono imemning'inia, analia kimya kimya kama wanavyolia wanaume wa umri wake. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa kuharibu. Mama aliuinua ungo, akautikisa mara moja, akauweka tena. Kisha akasogea kwenye jamvi, akaacha nafasi kati yake na mumewe.

"Kaa chini, baba," akamwambia. "Umesimama muda mrefu. Nimekuwia radhi."

Akakaa.